Pasipoti Ndani ya Cherehani

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi tusameheane, maana redioni sauti haina mvi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nafua na kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni huku ugenini, mwaka wa saba sasa tangu nitoke kwetu, na kipindi chako huwa nakisikiliza kwenye simu wakati mashine zinazunguka. Shule niliishia darasa la sita kwa hiyo utanivumilia, nikianza kuandika huwa sijui pa kuweka nukta. Nina jambo limenikaa kooni siku ya tisa leo, halimezeki wala halitemeki, naomba unisaidie, na nimeona nikuletee wewe kwa sababu hunijui na mimi sitakuona ukinikunjia uso.

Nina binti mmoja. Nilimwacha na dada yangu mkubwa akiwa na miaka kumi na sita, sasa ana ishirini na tatu. Dada yangu ni mshonaji, hana mume wala mtoto, amemlea kama aliyemzaa, na ndiye aliyempa jina la Kiguu, maana tangu utoto alikuwa kiguu na njia, ukimtuma chumvi duka la jirani anarudi na habari za mtaa wa tatu. Amemaliza chuo, amefanya kazi mwaka na nusu kwenye ofisi ya wapima ardhi, ameweka akiba yake mwenyewe, na mwezi uliopita akanipigia akasema, Mama, nakuja kukuona. Nilikaa chini juu ya rundo la mashuka machafu nikalia kwa furaha. Kumbe habari ilikuwa haijaisha.

Haji kwa ndege. Anakuja kwa barabara, nchi nne, mabasi na treni, begi mgongoni, wiki saba, anasimama hapa siku tatu pale siku tano, anatazama dunia, anapiga picha, na mwisho wa safari ndiyo mimi. Nikamwuliza anasafiri na nani.

"Na mimi mwenyewe, Mama."

Nikampa yote ambayo mama humpa mtoto, kwamba wewe ni msichana, kwamba huko hakuna anayekujua, kwamba watu si wema. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, akasema hata mimi niliondoka peke yangu, tena bila kujua neno hata moja la huku. Nikamwambia mimi nilikwenda kazini, wewe unakwenda kuzurura. "Sasa Mama," akasema, "barabarani nani anajua tofauti?"

Na ni kweli. Mimi nilipokelewa stesheni na mtu aliyeshika karatasi yenye jina langu, nikaona nimefika salama, na siku hiyohiyo yule mama niliyeletwa kumfanyia kazi za ndani akaichukua pasipoti yangu akaifungia kwenye droo, akasema ni kwa usalama wangu, nikaja kuipata baada ya miezi kumi na minne nilipohamia kazi hizi za nyumba za wageni. Hayo mwanangu sijawahi kumsimulia. Yeye anajua mama yuko hotelini, na neno hotelini akilisikia anaona zulia.

Sasa nikueleze woga wangu umetoka wapi, usije ukadhani ni woga wa mama asiyejua dunia. Nyumba yetu ina ghorofa tatu, wageni wake wengi ni vijana wa mabegi ya mgongoni, kutoka kila pembe, na wasichana wanaosafiri peke yao hawakosekani wiki hata moja. Mimi ndiye ninayeingia vyumbani wakishatoka. Chumba kinasema, Mshauri. Waliolala wawili wanaacha kitanda kimeparaganyika na dirisha wazi. Msichana aliyelala peke yake, mara nyingi, anaacha michirizi sakafuni, kutoka ilipo meza mpaka mlangoni, kwa sababu kabla ya kulala aliburuta meza au kiti akakiegemeza mlangoni. Asubuhi anakirudisha mahali pake, wengine wanatandika hata kitanda, anashuka chini anatabasamu na kuagana na kila mtu, lakini sakafu ya mbao haijui kutabasamu. Msimamizi hataki kuiona hiyo michirizi, anasema inaharibu sura ya nyumba, kwa hiyo moja ya kazi zangu ni kupiga magoti na kitambaa na nta niisugue mpaka ipotee. Miaka minne niko hapa nasugua woga wa watoto wa watu, halafu natandika mashuka mapya, anaingia mwingine.

Na hawaogopi bure. Mtu wa mapokezi anataja namba ya chumba kwa sauti mbele ya foleni nzima. Makomeo ya ghorofa ya pili nusu yake hayashiki. Fundi wa nyumba anatembea na funguo za akiba za vyumba vyote zinaning'inia kiunoni, na ni mtu wa maneno mengi kwa wasichana, anajua nani kaja na nani na nani kaja peke yake.

Kuna mmoja aliyepita mwaka jana. Alinikuta chumbani mchana namalizia foronya, mdogo wa umbo, mabega yamechubuka kwa mikanda ya begi. Akalisukuma komeo la mlango, likateleza. Akalisukuma tena. Akanigeukia akanionyesha kidole gumba, kwanza juu, halafu chini, yaani ananiuliza, ni zima au ni bovu. Sisi wafanyakazi tumefundishwa kwamba mgeni akiuliza lolote jibu ni nzuri. Maneno ya lugha yake niliyoyajua hayakufika ishirini lakini hilo nilikuwa nalo. Nikasema nzuri, nzuri, nikamwonyesha gumba juu, nikabeba kapu langu nikatoka. Asubuhi nikamkuta mapokezi, begi liko mgongoni, anasema, na mtu wa mapokezi anamtafsiria meneja, kwamba mtu alifungua mlango wake kwa ufunguo na kilichomwokoa ni kiti alichoegemeza na kelele alizopiga. Meneja akamwambia labda aliota. Fundi alikuwa palepale juu ya ngazi anabadilisha balbu, hata hakugeuza kichwa. Yule binti aliponiona napita na kapu alinitazama. Nami nikapanda juu, nikasugua sakafu.

Kwa hiyo Kiguu aliponitumia orodha ya nyumba atakazolala, kumi na moja, zote za aina hii yetu, sikuona majina ya miji aliyokuwa ananisifia. Niliona makomeo.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Nilimpigia dada yangu nikamwambia aichukue pasipoti ya mtoto aifiche. Akakataa. Nikamlilia, nikamtajia marehemu mama yetu, nikamwambia mtoto akipatwa na jambo atajibu yeye. Yaani sikubakiza kitu. Basi mtoto alipoingia kuoga dada akaichukua, akaitia ndani ya sanduku la cherehani, chini ya mashine, anapowekea mafuta na bobini, mahali ambapo hapana anayefungua isipokuwa yeye.

Nilidhani litakuwa jambo la siku mbili, atatafuta, atakata tamaa, ataahirisha. Mwenzangu anayepiga pasi nilimdokezea, akaniambia nikae kimya tu, hamu za watoto wa siku hizi ni kama simu zao, usipochomeka zinazima zenyewe. Haikuzima. Kiguu ameipindua nyumba juu chini. Amemshuku mpangaji wa chumba cha uani, mtu mzima mwenye watoto wawili, wamerushiana maneno mpaka mpangaji amesema mwisho wa mwezi anahama. Dada anakaa kwenye cherehani anashona huku mtoto yuko chini anamulika kwa tochi kati ya miguu yake. Basi la kwanza limebakiza siku kumi na mbili. Amesema Jumatatu anakwenda polisi kutoa taarifa kwamba imepotea ili aombe nyingine, na nimeambiwa ukishaitangaza imepotea, ile ya kwanza haikufai tena hata ikipatikana, na mpya haitatoka kabla ya basi.

Jana dada alinipigia akiwa amejifungia chooni.

"Mdogo wangu, mimi ni mshonaji, si mwizi," akasema. "Ulinipa mtoto nimlee, hukunipa mtoto nimwibie. Kila nikikanyaga hiki cherehani naona namkanyaga yeye. Sema mwenyewe, au nitasema mimi."

Na jana hiyohiyo jioni Kiguu akanitumia ujumbe wa sauti. Hakulalamika. Alisema, "Mama, nafikiri Mungu hataki nije kwako." Nimeusikiliza mara saba, sijaujibu.

Nikisema ukweli nampoteza mtoto ambaye nilimwacha ili nimtafutie maisha, na bado atasafiri, tena atasafiri akiwa amenikasirikia, hata akipata shida njiani hatanipigia. Nikinyamaza, atabaki nyumbani mzima, kila kiungo mahali pake, na mimi nitaishi na uongo, na kusema kweli kwa hilo niko tayari, nimeshaishi na mengine. Dada ndiye hayuko tayari. Nifanye nini, Mshauri? Na kama ni kumwachia aende, nitamwambiaje haya ninayoyajua bila kumwambia kwamba ninayesugua hizo sakafu ni mimi? Nimeandika kwenye karatasi nikapiga picha kwa sababu vidole vimevimba kwa dawa za kufulia, kubonyeza simu ni taabu. Nijibu kabla ya Jumatatu.

Mama wa Mashuka

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Mashuka, marahaba, nimekuzidi, tena kwa mbali. Barua yako imenifikia jana na nimeipitisha mbele ya zote zilizotangulia, wenye nazo wataninunia, watanisamehe. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika. Utapata vyote viwili.

Pole kwanza. Pole ya miaka saba, pole ya magoti na vidole. Woga wako si upuuzi na asikuambie mtu kwamba umepitwa na wakati. Umeona kwa macho yako mambo ambayo sisi tunayatolea ushauri tukiwa tumekaa kwenye viti vya kuzunguka.

Sasa kaa vizuri. Yule mama aliyeifungia pasipoti yako kwenye droo alikuambia ni kwa usalama wako. Miezi kumi na minne, ulimwamini hata siku moja? Wewe umemfanyia mwanao jambo lilelile, kwa maneno yaleyale, na dada yako ukamgeuza kuwa droo. Mwanamke amekulelea mtoto miaka saba bila kulalamika, malipo yake ni kujifungia chooni kwenye nyumba yake mwenyewe ili aweze kukuambia ukweli. Mpangaji wa watu anafunga virago kwa wizi uliopangwa na mtu asiyemjua hata sura. Na juu ya hayo, lawama iliyo yako umemwachia Mungu aibebe, na unausikiliza huo ujumbe mara saba bila kumtua mzigo.

Unasema akibaki nyumbani atakuwa mzima. Nani kakuambia nyumbani hakuna milango? Hakuna mafundi wenye funguo, hakuna mabosi, hakuna majirani? Mwanao amekuwa akitoka kwenda kazini mwaka na nusu, asubuhi na jioni, peke yake, wala hukumfichia viatu. Hatari haikuzaliwa mpakani, mama yangu. Ni vile tu hii ya huko unaijua kwa sura.

Halafu kuna jambo umelipitia haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Yule binti wa kidole gumba. Nakuambia ninavyoona mimi, na kama nimekosea utaniandikia: humwepushi Kiguu na hizo nyumba kumi na moja, unamkimbia yule. Kumfungia mwanao hakutakusaidia kulala. Mlango wake hukuufungua wewe, hilo nakuondolea kabisa. Lakini ulijua komeo halishiki, na hukuhitaji maneno ishirini, ilitosha kutikisa kichwa. Kuanzia zamu yako ya kesho, anayekuuliza mwambie kweli, kwa kichwa, kwa mkono, kwa macho, vyovyote. Sikutumi ukagombane na meneja peke yako, najua kibali cha kazi kiko mikononi mwa nani. Mko wangapi mnaofua, mnaopiga pasi, mnaofagia? Kubalianeni kwanza, huyo mpiga pasi wa hadithi za simu naye awemo, kisha mwendeeni meneja pamoja, mchana kweupe, siku nyumba imejaa wageni na vitanda havijatandikwa. Mwambieni funguo za akiba zitoke kiunoni mwa mtu zikae kabatini mapokezi, na anayezichukua aandike jina. Mwambieni makomeo ya ghorofa ya pili yabadilishwe. Ni vigumu kuwafukuza wote siku kama hiyo.

Umeniuliza utamwambiaje mwanao bila yeye kujua kazi yako. Huwezi, na usijaribu. Ana simu iliyojaa ushauri wa watu ambao hawajawahi kutandika kitanda cha mgeni hata kimoja. Mama aliyeingia vyumba vya wasafiri kila asubuhi kwa miaka minne hapatikani humo, anaye Kiguu peke yake, na wewe unamnyima kwa ajili ya aibu ya nta na kitambaa. Msimulie yote, na michirizi, na droo.

Mwambie afike mji mpya jua likiwa bado juu, hata kama ni kupoteza siku moja njiani. Wakitaja namba ya chumba chake kwa sauti, aombe kingine palepale. Asitue begi kabla hajalijaribu komeo, na likiteleza arudi chini, na nyumba nzima ikimtia mashaka aondoke bila kueleza sababu, hata kama ameshalipa. Hapa ndipo mabinti zetu wanapoponzwa, mama, tumewafundisha kutabasamu na kusema hakuna shida mpaka wanamtabasamia mtu anayewatisha. Adabu hiyo aiache kabatini kwa mama yake mkubwa, ataikuta akirudi. Abebe kabari ya mpira ya kusukumia chini ya mlango, inaingia mfukoni na haichoki kama kiti. Asimwambie mtu wa njiani analala wapi, na akiulizwa yuko na nani, kaka yake anafika baadaye, uongo wa aina hiyo nitaubeba mimi. Picha za mahali aziweke mtandaoni akishaondoka hapo. Nakala ya pasipoti mbaki nayo wewe na dada. Wekeaneni neno moja la kawaida, akilitamka kwenye simu ujue kuna mtu anamsikiliza na anahitaji msaada, na muamue sasa hivi utampigia nani hilo likitokea, si siku hiyo uanze kutafuta namba. Na kila nyumba atakayofika, amtafute anayetandika vitanda, amwamkie, amwulize yeye kabla ya kuamini maneno ya mapokezi.

Haya, kazi iliyobaki ni ya leo. Usiisubiri Jumatatu. Kipindi hiki kikiisha simamisha mashine, mashuka yatasubiri. Mpigie dada yako kwanza, mwombe radhi kwa dakika mbili na usijieleze, mwambie aitoe pasipoti, aifute mafuta, amwite mtoto, akuweke kwenye spika. Asimkabidhi kabla hujasema. Useme kwa mdomo wako kwamba ni wewe, si mama mkubwa, si mpangaji, si Mungu. Mpangaji aombwe radhi leo hii, na aambiwe sababu, hata kama utatahayari. Neno "lakini" usilitumie. Na usimlilie Kiguu ili akubembeleze, machozi ya kazi hiyo umeshayamaliza kwa dada yako.

Unaogopa hatakupigia tena akipata shida. Wiki ya kwanza, pengine. Atakasirika, na ana haki, na anaweza kukuambia neno litakalokuchoma kuliko dawa za kufulia. Mwache aseme. Simu usikate wewe. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kama salio linakwisha. Na akishamaliza, usimwambie nenda wala usimwambie usiende, ruhusa hiyo hakuwa ameiomba. Mwulize basi linaondoka saa ngapi.